Wino wa Kuandika Juu ya Kiatu

Sahihi ya kwanza niliyoipata maishani niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa ya mwimbaji mmoja aliyekuja kutumbuiza kwenye harusi ya jirani yetu, katika mtaa wetu wa Buyenzi. Nilikuwa na picha yake, nikampelekea pamoja na peni ya kawaida ya bluu, ile ya shuleni. Picha ilikuwa ya kung'aa. Peni haikutoa wino, ilikwaruza tu. Mwimbaji akabonyeza kwa nguvu zaidi, na shavu lake mwenyewe pichani likapata mfereji. Akacheka, akaomba kalamu nyingine. Nikampa ya feutre, zile laini ambazo watoto huchorea. Hiyo ilikubali, naye akaandika jina lake lote na kumalizia kwa mkunjo mrefu wa madaha. Kwa furaha nikaitia picha ndani ya mfuko wa plastiki papo hapo. Nilipofika nyumbani, nusu ya jina ilikuwa imehamia kwenye plastiki.

Nililia kama mtoto, na nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Nilikuwa nauza katika duka dogo la madaftari na kalamu, karibu na soko kuu. Kila siku nilishika kalamu za kila aina bila kujiuliza kila moja ilitengenezwa kwa kazi gani. Baada ya msiba ule wa picha nilianza kuuliza. Mama mwenye duka alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kwa kalamu alikuwa na subira. Alinionyesha kwamba wino wa maji unakaa juu ya picha kama umande, unangoja kidole kipite. Alinionyesha marikeri, kalamu nene nyeusi yenye harufu kali inayopanda puani, ambayo wino wake unashika hata kwenye kioo. Akanionyesha pia ile ya rangi ya fedha, yenye kigololi ndani, ambayo lazima uitikise kwanza mpaka isikike ikigonga. Kwa miaka miwili nikakusanya sahihi kumi na kitu: za wachezaji wa mpira, za wapiga gitaa, ya mtangazaji mmoja wa redio. Nyingine kwenye picha, nyingine kwenye kitambaa. Kwenye kitambaa nilijifunza kukivuta na kukibana juu ya kipande cha katoni ili kalamu isikwame na wino usisambae.

Baba yangu alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa Buyenzi, kati ya gereji mbili, na alishona kwa mkono mpaka uzee. Wakati huo vita vilikuwa vimeanza. Kulikuwa na mitaa ya mji huu ambayo watu wa upande mmoja hawakuweza tena kuingia, na mingine ambayo wa upande mwingine walikuwa wameikimbia. Buyenzi watu bado walikuja, kwa sababu gari likiharibika haliulizi fundi ni nani, na kiatu hivyo hivyo.

Mmoja wa waliokuja alikuwa msichana wa mtaa wa Mutakura. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alileta viatu vya mbio vya mtumba ambavyo zamani vilikuwa vyeupe. Soli ya kushoto ilikuwa inafunguka mdomo. Baba aliigeuza soli ile mkononi muda mrefu.

"Unakimbia wapi na hivi?" akamuuliza.

"Popote njia iko wazi, Mzee. Leo askari ku bariyeri waliniambia nirudi, nikapita chini, kwa ziwa."

Alipokwenda, Baba akaniita niangalie. Soli ilikuwa imelika sehemu moja tu, ndogo kama sarafu, chini ya kidole gumba.

"Muguu ya huyu mutoto haikanyagi chini," akasema. "Inagusa tu."

Sikuwahi kumsikia Baba akisifu mguu wa mtu. Alikata raba nyepesi kutoka kwenye tyubu ya lori, akaibandika, halafu akaishona pembeni kwa uzi alioupaka nta, mshono mdogo mdogo uliobanana. Msichana yule akawa anakuja kila baada ya wiki chache. Wakati mwingine alipotea mwezi mzima, nasi hatukuwa na njia ya kujua kama yu hai.

Nilimwona akikimbia mara moja tu kwa macho yangu. Mama mwenye duka alikuwa amenituma bandarini kupokea katoni ya madaftari kutoka Kigoma. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari, asubuhi, wapakuzi wakishusha magunia, kelele kama kawaida ya pale. Kisha kelele ikapungua upande wa barabara, ikaja kupungua mpaka tulipokuwa sisi. Nikageuka. Alikuwa anapita. Mikono yake ilikwenda karibu na mwili, kichwa hakikutikisika hata kidogo, na miguu sikuisikia kabisa. Mpakuzi mmoja mbele yangu alikuwa na gunia mgongoni na hakulitua. Alisimama nalo, akamfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya maghala, ndipo akavuta pumzi. Hakuna aliyepiga mluzi. Hakuna aliyetania. Mimi nilisahau jina la mtu niliyetumwa kumwona.

Baadaye alipata viatu vipya, akapelekwa nje kushindana. Vile vya zamani alimwachia Baba. "Kata raba, Mzee, utengenezee wengine," alimwambia. Baba alisema sawa, akavitundika ukutani, na kila nilipouliza alisema atavikata kesho.

Siku ya mashindano ilikuwa mchana. Mbio zilikuwa ndefu, katika mji wa mbali wenye baridi, na redio ilitangaza kwa Kifaransa. Makanika wa gereji zote mbili walizima injini wakaja kujazana mlangoni kwetu. Mmoja wao alitutafsiria. Mwanzoni jina la msichana wetu halikutajwa. Kisha likatajwa mara moja, kisha tena, kisha mtangazaji akawa halisemi jina jingine ila lake na la msichana mmoja aliyekuwa mbele yake. Alifika wa pili. Makanika wakakumbatiana na mikono yao ya grisi. Walikuwemo humo watu ambao ndugu zao walikuwa wamefukuzana mitaani miezi michache tu nyuma. Baba alinyanyuka, akavitungua vile viatu ukutani, akavifuta vumbi kwa kanzu yake, na kanzu ilikuwa safi.

Hapo ndipo nilipoamua. Nilitaka sahihi yake juu ya kiatu kile cha kushoto, na safari hii sikutaka kukosea. Picha ningeweza kupata nyingine. Kiatu kile kilikuwa kimoja.

Nilichukua vipande vya ngozi na raba ambavyo Baba alikuwa anavitupa. Juu ya kila kimoja niliandika jina langu kwa kalamu tofauti. Vingine nikavianika juu ya bati, vingine nikavilaza ndani ya beseni la maji, na vingine nilivivaa ndani ya soksi, kutwa nzima dukani, vipate jasho. Mama mwenye duka aliona nachechemea, akauliza, nikamweleza. Hakucheka. Aliniletea kalamu mbili alizokuwa amezificha chini ya meza, maana nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka na vitu vya namna ile havikuja tena kirahisi.

Baada ya wiki tatu nilivipanga vipande vyote mbele ya Baba. Peni ya bluu ilikuwa imetoweka kwenye maji. Feutre jua lilikuwa limeinywa, ikabaki rangi ya zambarau hafifu. Ile ya fedha, ambayo niliipenda kuliko zote kwa uzuri wake, ilikaa vizuri mpaka nilipokikunja kipande chake cha ngozi. Ikapasuka, ikaanguka kama magamba ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Marikeri nene ilishika, lakini kwenye ngozi mbichi ilitambaa ikawa na miguu kama buibui. Iliyobaki ilikuwa moja: marikeri nyeusi ya ncha nyembamba, kwenye ngozi laini kama ile ya mbele ya kiatu, baada ya kuifuta kwanza kwa kitambaa chenye spiriti na kuiacha ikauke.

Baba alivipitia kimoja kimoja, kama alivyokuwa akipitia soli. Akachukua kile cha mwisho, akakikunja, akakisugua kwa gumba. "Hii," akasema. Nikajiona nimefuzu mtihani.

Msichana alirudi kutoka nje, akaja kwetu bila taarifa, siku moja ya zile tulizoziita za mji kufa, wakati vijana wenye silaha waliposimamisha kila kitu na hakuna gari lililothubutu kupita. Duka lilikuwa limefungwa, nami nilikuwa nimekaa kibandani na Baba. Tukamwona anakuja kwa miguu katikati ya barabara tupu, amevaa kitenge na kandambili. 

"Amahoro, Mzee," akatusalimu. "Amahoro, dada."

Baba akamletea kiti, akaketi. Nikamweleza nilichotaka. Nikafuta kiatu kwa spiriti, tukasubiri kikauke, nikafungua kalamu nikampa. Hakuandika. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mshono wa pembeni, taratibu, kuanzia kisigino mpaka mbele.

"Hii ulishona we, Mzee?"

"Ni mi."

Akatueleza. Alisema siku walipochoma nyumba za mtaa wao Mutakura, hakuwa anafanya mazoezi. Alikuwa nyumbani na mtoto wa dada yake, wa miaka minne. Alimfunga mgongoni, akavaa viatu hivi, akakimbia. Hakupita barabarani. Alipita kwenye mifereji, nyuma ya nyumba, juu ya mawe na vioo, mpaka mtaa wa Mutanga Nord kwa watu waliowafahamu. Njia nzima alikuwa anaogopa kitu kimoja, kwamba soli ya kushoto itafunguka.

"Haikufunguka," akasema. "Kule nje nilikimbia mbele ya watu wengi sana, Mzee. Lakini mbio yangu kubwa ni ile." Akamnyooshea Baba kalamu. "Anza we."

"Apana!" Baba akarudi nyuma. "Mi ni fundi tu. Nani anataka jina ya fundi? Na kizungu sijui kuandika."

"Andika unavyojua."

Baba alinawa kwanza, maji yakachuruzika mpaka kwenye viwiko, akajifuta vizuri. Akakiweka kiatu juu ya goti, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani utotoni. Kalamu niliyoichagua haikukwama wala haikutambaa. Msichana alisogeza uso karibu, akatazama kila herufi ikitokea. Kisha akachukua kalamu, akaandika lake chini, kwa mwandiko mdogo wa duara kama wa mtoto wa shule ya msingi. Majina yalikutana katikati, moja likija upande huu, jingine upande ule.

Niliwaomba wasiguse, wino ukauke. Tukakaa watatu tukikitazama kiatu. Nje hapakuwa na gari wala redio. Sikujua niangalie wapi, kwa yule aliyekimbia au kwa yule aliyeshona. Miaka yote nilikuwa nimekwenda mbali kutafuta watu wa kuniandikia majina yao, nami nikilala nyumba moja na Baba, nikila naye sahani moja.

Msichana alikunywa chai, akaaga, akaondoka kwa njia ile ile. Alikimbia miaka mingine mitatu, kisha goti likamkataa. Nasikia siku hizi anaishi milimani na anafundisha wasichana wadogo kukimbia. Yule mtoto aliyembeba ameshakuwa mwanamume.

Baba alianza tabia mpya baada ya siku ile. Aliniomba kalamu kama ile, nikamletea. Kila alipomaliza kiatu cha mteja, kabla ya kurudisha kile kipande laini cha ndani kinachokanyagwa na unyayo, aliandika jina lake juu ya soli, chini yake, mahali ambapo mwenye kiatu hataona kamwe. Nilimwuliza kwa nini huko.

"Mutu atembee tu," akasema. "Mi najua niko pale."

Alifariki vita vilipokuwa vinaelekea ukingoni. Wiki ya matanga watu walikuja kutoka mitaa yote, hata wale ambao kwa miaka hawakuwa wameikanyaga Buyenzi, wakavua viatu mlangoni, vikajaa mpaka barabarani. Nilitoka kwenda kuchota maji nikasimama pale. Nikainama, nikachukua kiatu kimoja cha mwanamume nisiyemjua, cheusi, kilichochakaa, nikainua kile kipande cha ndani kwa kidole. Jina la Baba lilikuwa pale, kutoka kulia kwenda kushoto.