Siku Alizeti Zangu Zilipowapa Wakwe Kisogo

Mkasa huu ulinigharimu mtamba mmoja mwekundu, suruali mpya na jina langu, maana sokoni Busia mpaka leo naitwa Kisogo, na nimehesabu mara mbili nikaona hakuna nilichosahau. Naona haya kuusimulia, lakini heri muusikie kwangu kuliko kwa Wandera, ambaye chumvi huwa haipimi.

Wakati huo nilikuwa nauza maharagwe na mbegu pale mpakani, na nilikuwa nimemposa Athieno, binti wa kutoka Paya. Kwao walitaka ng'ombe kumi, mimi nikasimama kwenye wanane (hata bei ya kiberiti siikubali mara ya kwanza), ikaamuliwa wakwe waje kwanza kwetu Bulumbi walione boma langu, ndipo tumalizane. Boma lenyewe lilikuwa nyumba ya udongo na kiwanja kitupu kama kichwa cha mfiwa aliyenyolewa. Nikawaza, wakikuta pamependeza, wale wawili watasamehewa. Na kwenye gunia langu zilikuwa zimebaki mbegu za alizeti zilizokosa mnunuzi, kwa hiyo urembo ungekuwa wa bure. Hapo ndipo niliponaswa, kwenye hilo neno bure.

Nikazipanda mstari mmoja mbele ya baraza, ambayo inatazama mashariki. Zilipofika kiunoni nikaona ajabu: asubuhi vichwa vyote vinatazama jua linakotoka, jioni vyote vimegeukia nyumba, vinalifuata jua likienda kulala. Nikaangalia siku moja, nikarudia siku ya pili, hesabu ikaja ileile. Basi nikamtuma Wandera, mshenga wangu, akawaambie wa Paya waje saa nane mchana, wakae barazani kivulini, na maua ya mkwe wao yatageuka yenyewe kuwasalimu. Akaniuliza kama nina hakika.

"Muuza mbegu utamfundisha mbegu?" nikamjibu.

Kisha nikavuka mpaka kutafuta maharagwe upande wa Kenya, mzigo ukanichelewesha majuma kadhaa, nikarudi mkesha wa ugeni giza limeshaingia. Asubuhi nikakuta alizeti zimefunguka, nyuso pana kama sinia, zinatazama mashariki. Nikasema, vijana wako kazini. Nikaenda kuchinja mbuzi.

Saa nane wageni wakafika, shangazi wa Athieno mbele, mama mkwe katikati amejitanda leso, Athieno na wazee nyuma. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe wala hamtazami usoni, kwa hiyo mimi nilisimama kule zizini. Wakaketi barazani. Mbele yao, safu nzima ya migongo ya kijani.

"Mkwe," shangazi akaniita kwa Kiswahili cha sokoni, kwa kuwa yeye Kisamia chetu hakijui na mimi lugha yao nilijua ya kununulia tu, "hii maua nasalimia nani?"

"Subirini kidogo, Mama. Yanageuka."

Ikafika saa tisa. Nyuki waligeuka, alizeti hazikugeuka. Wandera akanisogelea. "Ndugu yangu, hawa watu wako wanageuka saa ngapi? Niwapelekee maji ya kunawa kwanza?"

Chai ya pili ikaisha. "Mkwe," shangazi akasema tena, "sisi tumetoka Paya na miguu. Kama hautaki sisi, sema na mdomo. Usitume majani."

Wazee wakaanza kunong'onezana, mmoja akaokota fimbo yake. Athieno alikuwa ameinamisha uso, nikajua sasa si ng'ombe wawili tena, ni yeye mwenyewe anayeondoka.

Nikazunguka kupitia migombani, nikaingia nyuma ya alizeti nimejikunja, nizigeuze kwa mkono. Ya kwanza ikakubali, ikawatazama wakwe kwa pumzi moja hivi, kisha shingo ikalia ka, ikainama. Ya pili, ka. Kufika ya tano mstari ulikuwa kama watu wa matangani, na ndipo nikagundua kwamba pazia nililojificha nyuma yake limeshaanguka. Nikageuka nikimbie nimeinama hivyohivyo, na suruali (niliinunua kwa bei nzuri kwa sababu ilikuwa ndogo) ikaachia mshono wote wa nyuma, mbele ya mama mkwe.

Alijifunika uso kwa leso, akasema neno moja la kwao. Sikuomba tafsiri.

Athieno akacheka mpaka akashika nguzo. "Nani alikuambia alizeti kubwa inageuka?" akasema. "Ikiwa changa, mchana upande wa mashariki wa shina unarefuka, unasukuma kichwa magharibi, usiku upande ule mwingine unakirudisha. Shina likimaliza kukua, nani atasukuma? Inabaki kutazama mashariki mpaka inakauka. Kwetu tunalima. Uliniuliza?"

"Mtoto nafuata kila mwanga," shangazi akadakia. "Mkubwa amechagua upande. Wewe umechagua?"

Nikasema, mikono yote miwili nyuma, nimechagua.

"Basi lipa. Ng'ombe ni kumi, na mtamba mmoja wa kufuta macho ya mama."

Nilifungua mdomo nipunguze. Wandera akanikanyaga mguu.

Tangu siku hiyo sijapanda kitu kwa sababu ni cha bure. Lakini Athieno amepanda alizeti zake nyuma ya nyumba, upande wa machweo, na sasa zimekomaa, zinaitazama nyumba kutwa nzima, na katikati kuna choo. Wakwe wanakuja kumwona mtoto. Nishaurini, ninyi mnaojua mila: niwaketishe mbele kusiko na ua hata moja, au kule nyuma karibu na choo, watazamwe usoni? Na maua yakimtazama mama mkwe vizuri safari hii, si ni haki nirudishiwe mtamba wangu? Kama ni haki, naomba mmoja wenu aende kumwambia, maana mimi siruhusiwi kumkaribia.