Maji Baridi ya Mzee Anselmi

Siku ya kwanza ya kazi niliingia uani kwa shangazi yangu Felista, kule Mpendae, kanga nimeifunga kiunoni, na kosa langu la kwanza likawa salamu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Lakini shangazi umemwacha mlangoni. Humu uani mimi ni Fundi."

Fundi alizaliwa bara; mimi nilizaliwa hapa hapa Unguja. Alipika pombe ya ulezi kwa harusi na ubatizo wa watu wetu, nyuma ya nyumba, kimyakimya kwa heshima ya majirani, na mwezi wa Ramadhani mapipa yalikaa makavu. Alinifundisha kimea, yaani ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Hicho ndicho kinachougeuza uji kuwa pombe. Zaidi ya hapo alinifundisha kuokoa kilichoharibika. Uji ukiwa mzito, unazimuliwa. Pombe ikiwa kali mno, inachanganywa na changa. Ikilala bila povu, unaiacha ipoe, unaitia kimea kipya, unangoja siku mbili.

Mwaka wangu wa nne, mumewe, Mzee Anselmi, alilazwa hospitali, na sote tulijua hatoki. Aliomba kitu kimoja: kikombe cha pombe ya ulezi. Fundi hakutaka kubanduka kitandani pa mgonjwa, akaniandikia maelekezo kwenye kikaratasi. Nilikuwa sijawahi kupika peke yangu. Mwisho aliandika: "Tia maji baridi, kisha kimea."

Kisima chetu kilikuwa na chumvi. Nikaenda kwa jirani, Bi Zuhura.

"Maji baridi chota tu, mwanangu, ni ya mgonjwa. Lakini nshakwambia, ndoo yangu isisogee kwenye mapipa yenu!"

Niliyachota, nikayachemsha ili yawe salama kwa mgonjwa, nikayamimina kwenye uji yakifuka moshi, nikatia kimea. Nilijiona mwangalifu kuliko wapishi wote wa kisiwa hiki.

Siku ya tatu nilipeleka pombe hospitali ndani ya chupa ya chai. Mzee Anselmi alionja, akamtazama mkewe.

"Felista, huu uji."

"Ni pombe, mume wangu."

"Nimeoa mpishi wa pombe, leo unanidanganya mimi? Povu liko wapi?" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Fundi alinivuta ukumbini. "Ulitia maji gani?"

"Maji baridi, Fundi. Ya kwa Bi Zuhura, hayana chumvi hata chembe."

"Yalikuwa yamepoa?"

"Hukuandika yapoe."

Akasema polepole, "Baridi, mwanangu. Baridi ya ubaridi."

Kwetu sisi tuliozaliwa hapa, maji baridi ni yale yasiyo ya chumvi, hata yakiwa motoni. Nilikuwa nimekipika kimea, kikafa.

"Nenda katie kipya," akasema. "Siku mbili."

Siku ya pili asubuhi povu lilikuwa limefika mdomoni mwa pipa. Mzee Anselmi alikuwa amekata roho alfajiri ile. Waombolezaji waliinywa pombe ile matangani, wakaisifu. Fundi hakuionja, wala hakunilaumu, na hilo la pili ndilo lililonikaa rohoni.

Baadaye nilifanya kazi Bwejuu, kwenye nyumba ya wageni ambako Mkuu wa Jiko alipika bia yake mwenyewe ya shayiri. Kila nilipochovya kidole sufuriani alinicheka. "Bibi, kipimajoto hiki hapa!" Nilikitazama kipimajoto chake, kisha nikachovya tena.

Sasa nimestaafu, vidole vimekakamaa. Mjukuu wangu ameniomba nimwandikie mapishi ya Fundi. Nimeandika yote vizuri mpaka nikafika kwenye maji, kalamu ikasimama. Mwisho nikaandika: maji yasiyo na chumvi, yaliyopoa. Ukikosea, usihuzunike, tia kimea kipya, ngoja siku mbili.

Kisha nimeongeza chini yake: muulize kwanza anayeingoja kama siku mbili anazo.