Mstari Mmoja katika Kitabu cha Simu

Kila mwaka, kitabu kipya cha simu kilipoachwa mlangoni, niliacha chochote nilichokuwa nikifanya nikakifungua. Sikuwa nikitafuta nambari ya mtu. Nilikuwa nikitafuta jina letu. Nililikuta palepale: juu yake fundi bomba mwenye jina la Kifaransa, chini yake familia yenye jina refu la Kiflemi, na katikati mstari mmoja wenye jina la Kiingereza na anwani ya chumba changu, juu ya duka la vitambaa, dakika tano kwa miguu kutoka Porte de Namur. Katika Brussels nzima hapakuwa na mwingine. Niliuwekea kidole mstari ule, nikausoma mpaka mwisho, nikafunga kitabu.

"Yaya, uko pale?" mdogo wangu wa kike aliniuliza kila mara. "Hawakukuiba?"

"Niko."

"Bon. Basi kula."

Alikuwa akitania, lakini alijua vizuri kwa nini nasoma. Tulizaliwa watatu Lubumbashi. Mimi wa kwanza, ndiyo maana ananiita yaya, yaani mkubwa wake; yeye wa mwisho, na kati yetu yupo wa kiume. Baba, fundi wa reli, alikufa kwanza. Mama alimfuata kabla mwaka haujaisha, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa fupi: "Musiachane." Siku ya kuondoa matanga wazee walikaa wakatugawa, kama walivyogawa sufuria na vitenge. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilisimama nikasema nitaacha shule, nitafanya kazi, nitawalea wote wawili. Shule niliiacha kweli, wiki ileile, nikaanza kubeba magunia stesheni. Lakini waliniachia mmoja tu, yule mdogo wa kike. Wa kiume, miaka minane, alichukuliwa na baba mdogo, aliyekuwa akifanya biashara ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Zambia.

Asubuhi ya kuondoka hakuwa na viatu. Nilimvalisha vyangu. Vilikuwa vikubwa mno, nikajaza karatasi za gazeti kwenye ncha. Nilimwambia nitamfuata. Zilikuja barua tatu za baba mdogo, kila moja kutoka mji mwingine, kisha hazikuja tena. Nilivuka mpaka mara mbili kumtafuta. Katika mji wa barua ya tatu waliniambia mzee yule amekufa, na mtoto ameondoka na watu wasiojulikana, labda kusini. Baadaye mama mdogo, dada yake mama, aliyekuwa akiishi Ulaya miaka mingi, alituita sisi wawili Brussels. Nilikwenda kwa ajili ya mdogo wangu wa kike. Nilihisi kama mtu anayempa mgongo yule anayemtafuta.

Sasa lazima nieleze habari ya jina, maana ndilo kamba pekee iliyobaki.

Babu yangu alifika Katanga akiwa kijana, akimbebea mizigo Mwingereza mmoja aliyekuwa akitoboa ardhi kutafuta shaba. Mwingereza akafa kwa homa. Babu alipokwenda kuomba kazi mgodini, karani alimuuliza ni nani, na wenzake wakajibu kwa niaba yake: huyu ni mtu wa fulani. Karani akaandika jina la fulani. Likawa la babu, likawa la baba, likaandikwa kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Halafu ukaja wakati serikali ilipoagiza kila mtu aache majina ya kigeni na kutwaa ya mababu. Baba akatii. Wadogo zangu wawili waliandikwa kwa jina la asili la babu. Ni jina zuri, nalipenda. Lakini baba mdogo, alipovuka mpaka, alirudia lile la Kiingereza, kwa sababu kule halikumshangaza mtu. Barua zake zote tatu zilikuwa nalo mgongoni mwa bahasha. Kwa hiyo nilipofika kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa pale Brussels, na karani akaniuliza, kati ya majina mawili yaliyo kwenye karatasi zangu, lipi la kuandikwa, sikusita. Niliandikisha lile ambalo mtoto yule angekua nalo. Nilipopata kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali moja huko Woluwe, kitu cha kwanza nilichonunua, kabla ya kitanda cha maana, kilikuwa simu. Nilijaza fomu nikaomba jina liingie kitabuni.

Katikati ya miaka ya tisini ikaja barua kutoka Uingereza. Mdogo wangu, aliyekuwa amejifunza Kiingereza katika kozi ya ukatibu, aliisoma amesimama, bado na koti.

"Yaya, kaa kwanza. Ni muzee mumoja. Ana jina letu."

Niliishika bahasha nikatafuta stempu. "Anatoka Zambia?"

"Hapana. Ni muzungu." Alisoma tena. "Anakusanya watu wenye hili jina dunia mzima. Anapita mu vitabu vya simu, inchi kwa inchi. Anasema hapa Ubelgiji amekuta mumoja tu. Anazani baba yako alikuwa askari Mwingereza aliyebaki hapa kisha vita, akaoa mubelgiji. Anataka kuja akuone; nitamujibu tukutane mukahawani."

Mama mdogo, aliyekuwa amekuja kututembelea, alicheka mpaka akashika meza. "Ndugu yenu anatoka mbali vile, na mutamupeleka mukahawani? Mumulete hapa akule bukari na sombe. Tutajua tu kama ni wa ukoo." Bukari ndio ugali wetu, na sombe ni kisamvu.

Hata hivyo tulikutana naye mkahawani, karibu na metro ya Porte de Namur. Tulifika mapema. Akaingia mzee mrefu, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, amebeba mkoba mkubwa uliojaa karatasi. Akakaa meza ya pili akitazama mlango. Tulimtazama akitazama mlango. Kila mzungu alipoingia, aliinuka kidogo.

"Anangoja muzungu mwenzake," mdogo wangu akaninong'oneza. "Umwendee, yaya. Usimuue kwa presha."

Nilikwenda nikamtajia jina langu. Mzee alinitazama, akatazama tena mlango, kisha akainuka kabisa na kunipa mkono. Alisema maneno mawili, na mdogo wangu, aliyekuwa amesogea na kikombe chake, akayatafsiri: "Anasema, samahani. Na tena anasema, karibu."

Akatandaza ramani ya Uingereza. Ilikuwa na nukta nyekundu, kila nukta nyumba moja yenye jina letu. Kaskazini zilisongamana kama upele, kisha zikapungua kuelekea kusini. Alieleza kwamba jina ni la mahali. Ni maneno mawili ya kale: mahali palipofyekwa miti, na uzio wa miiba. Hapo zamani palikuwa kijiji kidogo mlimani. Sasa pamebaki shamba moja la kondoo na ukuta wa mawe.

"Muulize," nikasema, "kama ni kijiji kidogo hivyo, watu wote hawa walitoka wapi?"

Mzee alifurahi, kama mwalimu aliyesubiri swali hilo tangu asubuhi. Alisema kwamba pale kijijini hakuna aliyeitwa hivyo, kwa kuwa wote walikuwa wa hapo, na jina lisingemtofautisha mtu. Jina alipewa aliyeondoka. Kule alikofika, watu walipotaka kumtaja walisema: yule wa kule.

Mdogo wangu aliyatafsiri maneno hayo polepole. Nilimwona mtoto mwenye viatu vikubwa katika mji fulani wa shaba, watoto wenzake wakimwonyesha kidole: yule wa kule.

Kisha mzee akatoa karatasi nyingine, mti wa ukoo, akaniwekea kidole mahali penye tawi lililokatika. Hapo palikuwa na kijana, nduguye babu yake, aliyekwenda Afrika kutoboa ardhi kutafuta shaba. Aliandika barua chache. Kisha hazikuja tena. Mama yake, alisema mzee, aliendelea kumwekea kiti mezani sikukuu hata alipokuwa kipofu.

Nilimwambia ninachokijua. Kwamba homa ilimshika wakati wa mvua. Kwamba babu alikaa naye siku sita akimpa maji kwa kijiko, kwa maana meno yalikuwa yakigongana. Kwamba alizikwa juu ya kichuguu kando ya mto, mahali maji hayafiki, na babu, hata alipokuwa mtu mzima wa mgodini, alikuwa akienda kila mwaka kulifyeka kaburi. Alimpeleka baba mara moja, na baba alitusimulia: nyasi zilikuwa ndefu, babu akafyeka kwa mundu bila kusema lolote, akaondoka.

Mzee alivua miwani, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena. Nilimwona amepata mtu wake. Nakiri kwamba katika dakika ile nilimwonea wivu mkali. Nilimpa wake, na mkoba wake wote ule haukuwa na wangu.

"Mwambie sasa habari yetu," nikamwambia mdogo wangu.

Akamwambia. Mzee aliandika kila kitu: umri, miji mitatu, baba mdogo. Alikiri kwamba kitabu cha simu cha Zambia hakuwahi kukipitia. Hakuwahi kufikiria kuna haja. Aliahidi kukitafuta.

Mwaka ule mdogo wangu aliolewa na kijana mpole wa Bukavu, wakahamia Koekelberg, upande wa pili wa Brussels, karibu na kanisa kubwa la Basilika. Walikuwa na chumba cha ziada, kikavu, chenye dirisha la kutazama bustani. Changu kilikuwa na ukungu ukutani, na kikohozi changu kilisikika mpaka dukani chini.

"Yaya, hamia kwetu."

"Nambari itabadilika."

"Itabadilika, et alors? Kuna nini? Utaandikisha ingine."

"Kuna mahali wana kitabu cha miaka mitano iliyopita. Akikuta nambari ya zamani akapiga, atajibiwa na nani?"

Alikuwa akimenya ndizi. Alikitua kisu. "Amekuwa mwanaume sasa. Pengine ana bibi na batoto. Kama anatutafuta, Mungu atamuonyesha njia, si kitabu cha simu."

"Mungu naye atahitaji anwani," nikasema.

Hakucheka. "Mie sina hata ile jina," akasema. "Kwenye komini waliniuliza kama weye ni yaya wangu wa kweli. Unamungoja yeye kila siku. Na mie niko hapa, unanikatalia chumba."

Nilirudi nyumbani kwa metro. Alikuwa amesema kweli. Mama aliniambia tusiachane, nami kwa kumngoja mmoja nilikuwa nimemfungia mwingine mlango. Lakini sikuhama.

Barua ya mzee ilikuja wakati wa baridi. Ndani mlikuwa na ramani mpya, ya dunia. Nukta zilivuka bahari hadi Amerika na Australia. Brussels palikuwa na nukta moja, nyekundu, peke yake. Na Zambia, mahali ambapo zamani hakuweka hata alama, palikuwa na tano, karibu zote katika miji ya shaba. Aliambatanisha nakala ya ukurasa wa kitabu cha simu cha Zambia. Kwenye ramani, kando ya mpaka wa Katanga, alikuwa amechora kwa kalamu msalaba mdogo wa kaburi.

Niliandika barua tano kwa mkono wangu, mdogo wangu akazitia katika Kiingereza. Katika kila moja nilitaja viatu na karatasi za gazeti, ili ndugu yangu ajue kuwa ni mimi kweli. Mbili zilirudi. Mbili hazikujibiwa. Ya tano alijibu mwalimu mmoja wa kike. Babu yake naye alikuwa mbebaji wa Mwingereza yuleyule, jina lao liliingia kwa mlango uleule. Hakumjua ndugu yangu. Aliandika kwamba watu wengi kule hawana simu, na asiye na simu hayumo kitabuni, basi nisihesabu hao watano kuwa ndio wote. Alisema amebandika barua yangu kwenye ubao wa kanisa lao na atawaomba walimu wenzake wa miji mingine wabandike nakala. "Hapa tunasubiri pamoja nawe," alimalizia.

Miezi ikapita. Kitabu kipya cha simu kikaletwa. Nilikiinua mlangoni, kizito, bado na harufu ya wino, nikakifungua nimesimama. Fundi bomba alikuwepo. Familia ya Kiflemi ilikuwepo. Kati yao palikuwa na mistari miwili.

Niliusoma wa pili mara kadhaa. Jina letu la Kiingereza, kisha anwani ya Koekelberg. Kitabu cha simu hakiombi cheti cha kuzaliwa. Ukijaza fomu unaandika jina unalotaka watu wakupate kwalo. Mdogo wangu hakuwa ameniambia chochote.

Nilimpigia.

"Uko pale," nikasema. "Hawakukuiba."

Nilisikia sufuria nyuma yake, na maji yakimwagika. "Sasa tuko wawili," akasema. "Akipiga kwangu kwanza, usione wivu, yaya."

"Akipiga kwako," nikasema, "muulize viatu vile vilianza kumtosha lini."