Tulijenga kikosi kizima kumzunguka kijana mmoja, na aliyemvunja ni mimi

Wakuu, heshima kwenu. Vijana mnaonisoma, pokeeni marahaba yangu kabla hata hamjaniamkia.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, naishi Kaloleni hapa Arusha. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Ninayoandika yalitokea kama yalivyo, nimebadilisha majina tu. Timu siitaji. Wenye kuijua wataijua wenyewe.

Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa. Nilikuwa nafungua ukurasa, naandika mistari miwili, nafuta. Leo sifuti.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya usajili ya timu moja ya ligi ya mkoa. Kwa ngazi yetu, mwenyekiti wa usajili ndiye kila kitu. Kocha anapendekeza, wewe unaamua.

Miaka hiyo nilikuwa msomaji mkubwa wa jukwaa la michezo humu humu. Kuna watu walikuwa wanaeleza jinsi timu za kikapu za Marekani zinavyojijenga upya: zinamchukua kijana mmoja mwenye kipaji, zinaachana na kikosi cha zamani, zinampa timu. Wengine wakaeleza klabu za mpira za Ulaya zinazoanza na dogo wa miaka kumi na nane. Nikavutiwa sana. Nikajiona mtaalamu.

Na kijana nilikuwa naye.

Nitamwita Lomayani. Alitoka upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwa Waarusha wenzangu, nyumba ya wakulima wenye ng'ombe wachache. Miaka kumi na nane, namba kumi. Alikuwa akipokea mpira, mabeki wawili wanakaa chini bila kuguswa. Sisemi kwa kukuza. Nimeangalia mpira wa mkoa huu tangu ujana wangu, sijaona mwingine.

Basi nikaanzisha project. Neno hilo nililipenda mno. Kila kikao, project.

Niliacha wachezaji saba wenye umri mkubwa. Nikasajili vijana wenye mbio ili wakimbilie mipira yake. Kisha nikamvua unahodha Mollel, beki wetu wa miaka thelathini na mbili, nikatangaza kwamba kitambaa cha nahodha atavaa Lomayani.

Hapa lazima niwaeleze jambo wale msiotoka kwetu.

Kwa Waarusha, kijana ambaye hajapita jando anaitwa layoni. Si tusi, ni hatua tu ya maisha, kila mwanamume aliipitia. Lakini layoni haamrishi wanaume. Anatumwa, anachunga ng'ombe. Akishapita jando pamoja na wenzake, wanakuwa rika moja mpaka kufa. Wanakula pamoja, wanasaidiana, na mwenzako wa rika akikuomba jambo, kumnyima ni aibu kubwa.

Lomayani alikuwa bado. Mimi nililijua hilo vizuri, maana nimepita huko huko.

Mollel alinifuata baada ya mazoezi, kitambaa amekishika mkononi.

"Mzee, mpira nitampa kila anapoutaka. Mguu wa mtu ukimfuata, nauweka wangu kwanza. Ila asiniamrishe."

Nikamwambia, "Uwanjani hakuna rika, Mollel."

"Kwenye karatasi yako hakuna. Sisi wengine tunarudi nyumbani jioni."

Naye nikamwacha. Wachezaji walioachwa wakawa wanane.

Nasimama kidogo hapa. Baadaye sana, nikisoma kwa utulivu, niliona kwamba hao wenzetu wa kikapu wakimpata kijana wanamtafutia wakongwe wawili watatu wa kukaa naye. Wanalipa mtu mzima ambaye hata hachezi sana, kazi yake ni kumwambia dogo lala, kula, usimjibu yule. Mimi nilisoma nusu ya kwanza nikafunga. Nilimfukuza mtu pekee aliyekuwa tayari kuvunjwa mguu kwa ajili yake.

Tuendelee.

Timu ilishinda. Hiyo ndiyo iliyonilevya. Mpaka kuelekea Desemba tulikuwa juu ya msimamo, na kocha akaniambia kuna skauti wa klabu kubwa ya Dar anamuulizia namba kumi wetu.

Wiki hiyo hiyo baba yake Lomayani akaniita nyumbani kwake. Jando lilipangwa likizo ya Desemba. Vijana tisa wa pale kijijini, yeye na mdogo wake wakiwemo.

Nikahesabu haraka. Kupona ni wiki kadhaa. Mechi zetu tatu za mwisho zilikuwa ndani ya wiki hizo.

Sasa wakuu, kosa langu lenyewe ndilo hili. Yule baba ni wa rika langu. Tulipita jando msimu mmoja. Nilijua akiniambia hapana, atakuwa amemnyima mwenzake wa rika. Kwa hiyo sikumwomba kama kiongozi wa mpira. Niliweka fimbo yangu chini, nikamwita kwa jina la rika letu, nikamwomba aniachie kijana mpaka ligi iishe.

Akauliza:

"Na mdogo wake?"

"Aende."

"Mdogo amtangulie kaka? Umewahi kuona wapi?"

"Dunia imebadilika, ndugu yangu. Huyu tutampeleka hospitali mwakani, siku moja imeisha."

"Hospitali inakata," akasema. "Wenzake atawapata hospitali gani?"

Nikarudia lile jina la rika. Akanipa mwanawe.

Lomayani mwenyewe sikumuuliza. Niliandika jina lake kwenye kila karatasi mwaka ule, sikumuuliza hata mara moja.

Wenzake wakaenda jandoni. Mechi ya kwanza kati ya zile tatu tukashinda, lakini niliona ametulia kupita kiasi. Ya pili tukatoka sare. Kocha akaniambia, "Mzee, dogo halali. Tumpumzishe." Nikamjibu timu imejengwa juu yake, ukimtoa unabaki na nini? Na kweli, benchi halikuwa na mtu. Nilishawaacha wote.

Mechi ya mwisho ilikuwa Ngaramtoni, karibu na kwao. Tulihitaji sare tu kuchukua ubingwa.

Washabiki wa wapinzani walikuwa wamepata habari kwamba nahodha wetu hakwenda jandoni na wenzake. Kuanzia dakika ya kwanza:

"Layoni, ng'ombe wameingia shambani!"

"Refa, mwambie nahodha wao mama yake anamwita!"

Watu wakacheka. Na mimi, nisamehewe, nilicheka kidogo, nikidhani ni utani wa mpira.

Kipindi cha pili wakaja vijana wanane, nguo nyeusi, nyuso zimechorwa nyeupe, kama wanavyovaa waliotoka jandoni. Wakasimama nyuma ya goli, wamejipanga mpaka karibu na kibendera cha kona. Hawakuzomea. Hawakusema neno. Mmoja wao alikuwa mdogo wake.

Tukapata kona upande ule. Lomayani akaenda kupiga. Mdogo wake alikuwa hatua tatu kutoka kwenye kibendera. Sijui walitazamana vipi, mimi nilikuwa mbali. Nilichoona ni kwamba aliuweka mpira, akausimamia, kisha akavua kitambaa, akakiweka juu ya mpira taratibu, akatoka nje. Hakukimbia. Alipita katikati ya watu, wakampisha.

Tulifungwa mawili dakika kumi zilizofuata. Wale vijana wangu wenye mbio walikuwa wanakimbilia mipira isiyokuja.

Kikao cha tathmini kilikuwa kikali. Wajumbe walitaka kujua nani alaumiwe. Ningeweza kusema ni mimi. Nilizungumza wa kwanza, nikasema, "Kijana hana moyo wa mashindano." Nikaandika barua ya kumwacha kwa mkono wangu, mistari miwili.

Siku chache baadaye skauti akapiga simu. Alikuwa bado anamtaka. Alisikia habari ya Ngaramtoni, akasema hilo si tatizo kwake, anataka tu kauli ya uongozi.

Nikamwambia, "Hana nidhamu. Alitutelekeza uwanjani."

Nilisema hivyo kwa sababu kama angeenda Dar akang'ara, watu wangeuliza ilikuwaje sisi tukashindwa kumlea. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta miaka yote hii, haipo.

Akashukuru, akakata.

Lomayani alitahiriwa mwaka uliofuata, peke yake, hospitali, kama nilivyoahidi. Wenzake wakila nyama pamoja, yeye hukaa pembeni na watoto wa shangazi. Mdogo wake anasikilizwa kabla yake. Baba yake ananisalimia kanisani kwa kunipa mkono tu, na lile jina la rika letu halitumii tena kwangu.

Mwezi uliopita nikaenda kumtafuta. Anafanya kazi Nduruma, anasimamia maji kwenye mashamba ya nyanya ya mtu. Nilimkuta ndani ya mfereji, suruali imekunjwa, jembe mkononi. Amenenepa kidogo.

Aliponiona alitoka, akanisogelea, akainamisha kichwa nimguse, kama kijana wetu anavyomwamkia mzee. Nikamgusa.

Nikamweleza yote. Jando, kikao, barua. Hayo aliyajua, aliitikia tu. Nilipofika kwenye simu ya skauti, akaniangalia.

"Waliuliza?"

"Waliuliza. Hata baada ya Ngaramtoni."

"Mimi nilijua hawakuniona mzuri."

"Walikuona, mwanangu."

Nilingoja anitukane. Akasema, "Mzee, zamu yangu ya maji inapita," akarudi mferejini akaanza kuzibua. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu ya kusimama.

Wakuu, hili ndilo nililojifunza, na nimejifunza nikiwa sina timu wala kamati. Ukisema unajenga timu kumzunguka kijana, jua kwamba ulipomkuta alikuwa tayari amezungukwa na watu. Mimi niliwaondoa mmoja mmoja, Mollel, wenzake, mdogo wake, nikabaki na namba kumi aliyesimama peke yake kwenye kona.

Msinipe pole. Ninaowaomba mchangie ni nyinyi mlio kwenye kamati za usajili, kikapu kwa mpira wa miguu: yule dogo mnayemjengea project, mara ya mwisho mlikaa naye na kumuuliza anachotaka yeye ni lini?

Na kama kuna anayejua njia ya kumsaidia kijana wa miaka ishirini na tatu kupata majaribio tena, aandike hapa chini. Nilirudi Nduruma wiki hii, nikamuuliza yeye kwanza. Amesema niulize.