Mzigo wa Marehemu

Nimechoka na mlango wangu. Ni wa chuma na una kufuli mbili, lakini wezi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Otonglo hawana haja ya kuuvunja. Wanachukua kilichoachwa mbele yake. Mimi asubuhi nakwenda kufundisha, na mtu wa boda anayeleta mizigo hafiki ila nikiwa darasani. Nyumbani anabaki mama yangu, niliyemtoa kijijini kwetu Usenge ili awe karibu na kliniki. Dawa humlaza mchana, na hata akisikia hodi humchukua muda kufika mlangoni. Akifungua, mtu wa boda keshaondoka, na mzigo nao umekwenda.

Mizigo miwili ilipotea hivyo, na yote miwili ilikuwa viatu vya mama. Ana ugonjwa wa sukari. Miguu imekufa ganzi, kidole gumba kimefanya kidonda, na daktari aliniambia waziwazi kwamba akiendelea kuvaa ndala atakuja kukatwa mguu. Alitaka viatu vipana, laini, visivyo na mshono ndani. Soko la Kibuye nililizunguka Jumapili nzima nikatoka mikono mitupu. Fundi wa viatu hivyo yuko Nairobi.

Nilimwomba mama wa duka la jirani anipokelee. Alikubali, kisha siku yenyewe akafunga duka akaenda matangani. Nikataka viletwe shuleni, mwalimu mkuu akasema shule si posta. Nilikasirika mpaka nikaacha kukasirika, maana hasira nayo inataka nguvu.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho watu wa ploti yetu, wazuri kwa wabaya, hawakigusi. Kwetu nguo za aliyekufa hazichukuliwi ovyo. Zina siku yake na watu wake wa kuzigawa, na anayezibeba kabla ya hapo anajiletea balaa nyumbani. Nikaagiza mara ya tatu, nikamwambia fundi aandike juu ya boksi, kwa kalamu nene: NGUO ZA MAREHEMU. Alicheka sana kwenye simu. Mimi nilijiona mjanja.

Boksi lilikaa mlangoni tangu saa nne asubuhi mpaka niliporudi saa kumi na moja. Hakuna aliyelisogelea. Watoto walikuwa wameambiwa wakacheze upande mwingine, na mama wa duka alikuja kunipa pole, nikashindwa hata kumweleza. Nikaingia nalo ndani, nikatoa viatu, vizuri kabisa, nikapiga magoti kumvisha mama.

Akavuta mguu. Alikuwa ameyaona maandishi.

Nilimweleza yote: wezi, fundi, ujanja wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikalichana boksi mbele yake, nikamwonyesha kwamba viatu ni vipya, havijawahi kuvaliwa na mtu. Akatikisa kichwa.

"Nyathina," akasema, mwanangu, "mwizi mwenyewe ameogopa hii kitu. Na wewe unataka mguu yangu isiogope?"

Akapapasa goti lake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hiyo siku ulisema waandike marehemu, ulikuwa unaona nani?"

Nilimwambia sikuona mtu. Nilimwambia mara tatu, ya tatu kwa ukali, halafu nikaona aibu, kwa sababu katika nyumba hii tuko wawili tu, na mgonjwa ni mmoja.

Hii ni wiki ya tatu. Viatu viko chini ya kitanda changu. Kila jioni namwosha mama mguu, naona kidonda kimepanuka kidogo, nampaka dawa, namrudishia ndala zake. Nimeacha kumbembeleza. Na ndugu zetu wa Usenge wakipiga simu, kabla hata hawajamjulia hali, yeye huanza kwa kuwaambia kwamba bado yuko hai.