Tunda la Kumzikia Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto pale Mwisenge, tuliiogopa bustani ya mjini kwa sababu ya mti mmoja tu. Bustani yenyewe ni ya zamani, ilipandwa na wakoloni kando ya ziwa, na kila mti una kibao chenye jina la Kilatini ambalo sijawahi kumwona mtu akilisoma. Mti wetu ulikuwa mwegea. Matunda yake huning'inia kwenye kamba ndefu, marefu kama mkono wa mtu mzima na mazito kama mtoto mchanga. Tuliambiana kwamba ukilala chini yake huamki, na kusema kweli, tunda lile likikuangukia kichwani utaamkia wapi?

Sisi Wajaluo tuna sababu nyingine ya kuuheshimu. Mtu wetu akipotea na maiti isipopatikana, huchukuliwa tunda la mwegea, likavikwa sanda, likazikwa kwa kilio kamili kama yeye mwenyewe. Hapo marehemu hutulia. Asipozikwa, hurudi nyumbani kuomba mahali pa kulala, na nyumba nzima hukosa usingizi.

Baba mdogo Okelo alikuwa kibarua wa bustani hiyo. Ndiye aliyefyeka nyasi chini ya mwegea na kuumwagilia maji wakati wa kiangazi. Jumamosi moja alikwenda kuvua sato na rafiki yake, upepo ukaupindua mtumbwi. Rafiki alirudi akiogelea. Baba mdogo hakurudi, na wavuvi walimtafuta mpaka wakakata tamaa.

Dani, ndivyo tunavyomwita bibi, hakulia mbele yetu. Alinunua shuka jeupe, akanipa nilibebe, tukaenda bustanini. Alitaka tunda la mti ule ule.

"Ule ndio unaomjua," aliniambia njiani. "Wakileta la mti mwingine watakuwa wamezika mgeni, na mimi nitabaki namsubiri mwanangu."

Msimamizi wa bustani alitusimamisha getini. Dani alimsalimia kwa heshima zote, akamweleza shida yake.

"Mama, haya matunda ni mali ya serikali," msimamizi akasema. "Nikikuruhusu wewe, kesho waganga wote watajaa hapa."

"Mimi si mganga, baba. Ni mama yake Okelo. Alikuwaga anafanya kazi hapa, unamjua."

"Namjua, na pole sana. Lakini ushirikina hapana."

Nyuma yake palikuwa na moto wa takataka. Vibarua walikuwa wamekusanya majani makavu, na ndani ya majani nikaona matunda ya mwegea yakianza kufuka moshi.

"Dani, si yale pale wanayachoma?" nikasema.

Msimamizi akageuka. Tunda moja lilikuwa limebingirika pembeni, zima kabisa. Akalisukuma kwa kiatu, likarudi motoni.

Mpaka leo nakiona kile kiatu. Nimekutana na wezi, nimekutana na waongo, wengine nimewasamehe. Yule sijamsamehe. Alikuwa na matunda ya kuchoma, akakosa la kumpa mama aliyefiwa. Hata kama aliona ni upuuzi, upuuzi wetu ungempunguzia nini?

Baba yangu alikwenda Bunda, akapata tunda kwenye mti wa kando ya mto. Tulilizika nyuma ya nyumba, watu wakalia kama inavyotakiwa. Watu walipoanza kutawanyika ndipo dani aliposema, "Mmemzika mtu wa Bunda. Mungu amrehemu." Shangazi mmoja alicheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Tangu siku hiyo dani hakufunga mlango wake, mwanawe asije akakuta pamefungwa. Mvua iliingia, mbu waliingia, wezi waliingia wakabeba redio na masufuria. Alionya kwamba atabaki akimsubiri, na alimsubiri hadi kifo chake.

Mwaka jana nilikwenda kuitembelea ile bustani. Siku hizi ina geti jipya na kijana mwenye fulana ya kijani anayewatembeza wageni. Tulipofika kwenye mwegea akasimama.

"Wajaluo walikuwaga wanazika tunda hili kama mtu amepotelea ziwani," akasema. "Ni utamaduni mzuri sana."

Wageni wakapiga picha. Nikamuuliza kama naweza kupewa tunda moja.

"Chukua tu, mama. Yanaozaga bure."

Chukua tu! Kumbe lilikuwa jambo jepesi namna hiyo. Nilitamani kumtukana mtu, lakini kijana hakuwa na kosa, na msimamizi alishafariki zamani. Nasikia alizikwa vizuri, ndani ya jeneza la mninga.

Nililifunga tunda kwa khanga yangu, nikapanda bodaboda hadi Mwisenge. Mimi na ndugu zangu tukamzika baba mdogo kati ya dani na mtu wa Bunda. Ndugu yangu mmoja akaniambia sasa niiache hasira, yaliyopita si ndwele. Yeye hakulala chumba kimoja na dani. Hakumsikia akishtuka kila upepo ulipousukuma mlango, akiuliza, "Okelo, ni wewe?" Sijui kama tunda linaweza kuwa mtu. Ninachojua ni kwamba lile lililosukumwa motoni lingekuwa usingizi wa dani.

Wenzangu walipokwenda kunawa mikono, niliingia chumbani kwa dani nifunge mlango. Komeo lilikuwa limeliwa na kutu kwa kutotumika, likagoma. Nikaokota jiwe, nikaligonga, nikaligonga tena huku machozi yakinitoka, mpaka likaingia.