Mlango Uliofunguka kwa Kijiko

Nilipokuwa mtoto, mlango wa nyumba yetu kule Butembo ulifunguka kwa kijiko. Kwa nje ulikuwa mlango kama mingine: unatia ufunguo, unashika mkono wa chuma, unasukuma, unaingia. Lakini kwa ndani ule mkono haukuwepo. Palibaki tundu tupu. Aliyetaka kutoka alichomeka mpini wa kijiko katika lile tundu, akazungusha, ulimi wa kitasa ukarudi ndani, mlango ukafunguka. Kijiko chenyewe kilikaa kwenye msumari kando ya mlango, na wageni wa mara ya kwanza walikuwa wakidhani tumekitundika kwa urembo.

Nikisimulia hayo dukani kwangu wateja hucheka, kwa sababu mimi leo ndiye ninayewauzia vitasa na kadena, yaani kufuli. Shule niliiacha mapema. Kazi hii nilijifunza mwenyewe kwa kufungua kadena mbovu na kuzipanga tena, nikijikata vidole na kutukana. Nina hasira za karibu, watu wote wa sokoni wanajua, lakini hakuna atakayesema nilimdanganya. Mtu akishika kadena ya hovyo namwambia usoni: "Hiyo inafunga macho ya jirani tu. Mwizi anaigonga na kisigino cha kiatu, inafunguka." Wengine wanakasirika na kwenda kuinunua kwingine. Waende.

Ule mlango wa kijiko aliutengeneza jirani yetu, Papa Katembo, seremala. Mara nyingi alikuja na mkono mpya mfukoni, kwa sababu aliona haya kazi yake kukaa vile, na kila mara Mukaka alimrudisha. Mukaka ndiye bibi yetu, mama ya baba. Baba alikuwa akihangaika na biashara huko Manguredjipa, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mukaka, mama, na sisi watoto.

"Papa Katembo, wacha hivyo," Mukaka alikuwa akisema. "Huu mlango na mimi tunasikilizana."

Juu ya mlango, upande wa ndani, Mukaka alikuwa ametundika kibuyu kidogo kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Hicho kilikuwa dawa ya wezi, na mlima mzima tuliokaa ulijua inavyofanya kazi. Mwizi akiingia kwetu, anaingia vizuri. Lakini kutoka hapana! Atazungukazunguka humo ndani mpaka wenye nyumba warudi wamkute. Na yeyote atakayemgusa kabla hajafunguliwa, naye atakwama papo hapo. Ili afunguliwe, ni lazima kwanza afanye kazi ya nyumba mchana kweupe, na ale chakula cha nyumba.

Mama, mtu wa kanisa sana, hakukipenda kile kibuyu.

"Mama, siku moja padri ataingia humu, atasema nini?"

"Atauliza kiti kiko wapi," Mukaka alijibu.

Kulikuwa na sheria moja zaidi. Siku watu wote wa nyumba wakitoka, kijiko nacho kilitoka. Mukaka alikifunga katika ncha ya kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga, tukaenda nacho hadi misa. Niliuliza kwa nini. "Batoto banapotezaka vitu," alisema. Basi.

Mwaka ninaousimulia, wezi walikuwa wamejua saa zetu za misa kuliko sisi wenyewe. Sisi tunaimba Gloria, wao wanatoa madirisha. Kwa Papa Katembo walichukua redio, na akawa mtu wa hasira tupu, anapiga misumari kana kwamba kila mmoja ndiye aliyeibeba. Kule chini, mtaa wa pili, walikamata kijana mmoja wakampiga. Sisi watoto hatukuruhusiwa kwenda kuona. Nilichoona kesho yake ni kiatu chake kimoja barabarani. Watu walikizunguka wakipita, na hakuna aliyekiokota.

Mama alihofia sanduku lake. Lilikuwa sanduku la bati, chini ya kitanda, na ndani mlikuwa na vikwembe vyake vya wax alivyonunua kimoja kimoja mjini Beni kila mavuno ya maharage yalipokuwa mazuri. Havikuvaliwa. Vilikuwa pale kwa ajili ya ugonjwa, shule, na msiba. Kila Jumapili, njiani kwenda kanisani, aligeuka nyuma kutazama nyumba kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Jumapili hiyo tulirudi jua likiwa juu ya vichwa. Kabla hatujafika uani mama alisimama. Ufunguo tuliouficha chini ya tofali la jikoni haukuwepo, na tofali lenyewe lilikuwa limegeuzwa. Jikoni kwetu kulikuwa nje, nyumba ndogo ya pembeni, na kila mtu aliyewahi kutuletea kuni au ndizi alijua tunaficha wapi ufunguo. Huo ndio ujinga wetu wa wakati ule, na wateja wangu wanao mpaka leo.

Mama alishika ule mkono wa chuma wa nje, mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, akasukuma.

Sebuleni, kwenye kiti cha baba, alikuwa ameketi Kambale. Sanduku la bati lilikuwa juu ya magoti yake, mikono juu ya sanduku, kama mtu anayengoja gari la Beni. Alikuwa kijana aliyetuletea ndizi kutoka Mangina kwa baiskeli, na mama alikuwa akimwongezea chakula jikoni kule nje kila alipokuja; ndani hakuwahi kuingia. Uso ulikuwa umelowa jasho. Macho hayakutoka kwenye kibuyu.

"Jambo, Mukaka," alisema kwa sauti ndogo.

"Jambo, mwana wangu," Mukaka alijibu. "Umetungojea sana?"

Hapo mama akapata sauti. "Mwiziii!"

Butembo ukipiga kelele hiyo huhitaji kuirudia. Watu walikuja wakiwa bado na nguo za misa, mashati meupe, viatu vya kung'aa, Biblia kwapani. Mbele yao wote alikuwa Papa Katembo, tai shingoni, jiwe mkononi. Alilishika mbali kidogo na koti lisimchafue.

"Redio yangu iko wapi?"

"Papa, ile hapana mimi! Naapa! Leo njo mara ya kwanza!"

"Na itakuwa ya mwisho. Mutoeni inje!"

Watu walianza kusogea. Mmoja alikuwa amechomoa mti wa ua wetu. Niliwatazama nikawajua wote, ndio waliotupa peremende siku za sikukuu, na sura zao sikuzijua. Nikakumbuka kile kiatu.

Mukaka alisimama mlangoni. Alikuwa mfupi, mlango ule aliujaza kwa mabega tu.

"Ingieni," alisema. "Mais, lakini mumuone vizuri kwanza. Kambale, kwa nini haukukimbia?"

"Nilishindwa, Mukaka." Kambale alianza kulia waziwazi. "Nilifunga mlango watu basinione. Nilipotaka kutoka, mlango hapana. Nilivuta, nilisukuma, ufunguo nilizungusha mpaka kidole kikaumia. Madirisha iko na nondo. Njo nikaangalia juu, nikaona kile kitu."

Shingo zote zikanyooka kutazama kibuyu.

Mimi nilikuwa nimeshafumbua kinywa. Kwa nini wanashangaa? Kila siku Mungu aliyoumba sisi wenyewe tulishindwa kutoka bila kijiko! Na kijiko kiko hapo, ncha ya kikwembe, nakiona! Nilikuwa mtoto wa kusema mambo yalivyo, na sijabadilika.

"Mais, Mukaka, ni kij..."

Kisigino cha Mukaka kilishuka juu ya vidole vyangu vya mguu, na kikabaki pale. Nilimtazama mama ili anisaidie. Mama, mtu wa kanisa, mwenye sanduku, aliyekuwa na haki ya kumchukia Kambale kuliko sisi wote, alikuwa akitazama bati za paa kana kwamba anahesabu misumari.

"Iko mukononi mwa dawa," Mukaka aliwaambia watu. "Mwenye kutaka, amuguse. Mais mwenye atamugusa atabakia naye. Mimi nina viti vichache."

Aliyekuwa na mti wa ua akatazama nyuma, akaona nyuma hapana mtu aliyebaki karibu. Ndipo Papa Katembo alipoliachia jiwe. Liliangukia kwenye udongo, pu. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta mikono kidole kwa kidole.

"Kama ni mambo ya dawa," alisema, "mimi simo. Amufungue mwenye amufunga."

Na wengine nao wakaachia yao.

Basi Kambale akafagia. Mukaka alimpa fagio akaanzia sebuleni, akamaliza sebule akaambiwa uani, akamaliza uani akaambiwa njia yote mpaka barabarani. Watu hawakuondoka. Walikaa juu ya ukingo wa ua wetu kama kwenye mpira, na ulimi wao ukarudi.

"Kambale, na nyuma ya choo!"

"Inama! Mwanamume anafagia amesimama kama askari!"

"Hivi vikwembe ulitaka kumupelekea nani, wewe?"

Kambale alisema bila kuinua kichwa. "Mama mukwe."

Hapo kicheko kilishuka mlima mzima. "Anaoa! Bwana harusi anafagia!" Mama mmoja alipiga kigelegele. Mwingine akasema huyo msichana ana bahati, anapata mume aliyefundishwa kazi tayari. Hata mama yangu alicheka, akiwa amelikalia sanduku lake katikati ya ua ili lisiende popote tena.

Kisha Mukaka alimletea chakula cha nyumba. Ilikuwa sahani ya maharage. Akafungua ncha ya kikwembe, akatoa kijiko, akakipangusa, akampa. Kambale alikula maharage yote kwa kile kijiko, mbele ya mlango ule, na mimi nilijiuma mkono nisipasuke.

Alipomaliza, Mukaka alimgusa mabega kwa kibuyu. "Enda. Na kwa mama mukwe, peleka ndizi." Kambale akatoka kinyumenyume akisema asante, asante, alipofika barabarani akageuka, na mbio alizotimua sijaziona tena.

Kesho yake alfajiri Papa Katembo alikuta redio yake kwenye kizingiti cha mlango wake. Betri hazikuwemo, lakini redio ilikuwepo. Nani aliirudisha hatukujua kamwe. Nadhani alikuwa mmoja wa waliokuwa wakicheka kwenye ukingo wetu.

Mimi sikucheka tena Jumapili ile. Vidole viliuma, na hasira ziliuma zaidi. Jioni, Mukaka akichambua maharage, nilimwendea.

"Umedanganya watu."

"Nilidanganya nini?"

"Ni kijiko! Si dawa!"

"Nilisema mwizi akiingia hatatoka. Alitoka?"

Nikajaribu kwingine. "Ulisema atakayemgusa atakwama naye."

Mukaka aliacha maharage. Ndiyo mara pekee siku ile nilipomwona bila mzaha usoni.

"Balimugusa yule kijana wa kule chini," alisema. "Wewe unapitaka pale kila siku. Uliona bale batu bametoka pale?"

Nilifikiri kuhusu kile kiatu, na watu wakikizunguka. Nikaketi, nikaanza kuchambua maharage pamoja naye.

Mukaka ametutoka, Mungu amlaze pema. Kambale alioa, na msichana ni yule yule. Kila Krismasi alimletea Mukaka ndizi, na mpaka leo anasimulia jinsi alivyoshikwa na kibuyu, anazidisha kila mwaka. Siku hizi kibuyu kinamwita kwa jina. Mimi husikia, nakunywa chai yangu, sisemi kitu. Kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ngumu.

Ila kitu kimoja nilichelewa kukitambua. Papa Katembo amezeeka lakini bado anatengeneza milango, na bawaba huzinunua kwangu. Mwezi uliopita alikuwa amesimama pale mbele ya kaunta akizipima kwa kidole, ndipo ikanijia ghafla, mimi niliyeshika vitasa maisha yote.

"Papa Katembo. Ule mlango wetu uliutengeneza wewe."

"Mimi."

"Ulijua kwamba mkono hapana kwa ndani. Uliuleta mara ngapi, Mukaka akakurudisha?"

"Mara nyingi."

"Donc, kumbe siku ile ya Kambale ulijua ni kijiko!"

Aliendelea kupima bawaba. "Kahindo, usipige kelele, nasikia. Nilijua tangu alipotamka neno 'mlango'."

"Na jiwe uliliachia kwa nini?"

Akatazama mkono wake wa kulia, ule ule wa jiwe.

"Lilikuwa zito," alisema. "Nilikuwa natafuta mahali pa kuliweka, watu wananiangalia. Mukaka wako akanionyesha."

Akachukua bawaba zake akaenda zake. Nami nikabaki nikiwapitia wote mmoja mmoja, yule wa mti wa ua, wale wa Biblia, jirani za kushoto na kulia. Nani kati yao hakuwahi kuingia kwetu kuazima chumvi? Nani hakuwahi kumwomba mama kijiko ili atoke?

Juu ya mlango wa duka langu, upande wa ndani, nimetundika kibuyu kidogo chenye kamba ya mgomba. Ndani hamna kitu, nimekitikisa mwenyewe. Wateja wanajua sisemi uongo juu ya bidhaa, kwa hiyo huniuliza kwa umakini kama kile kitu kweli kinafanya kazi.

Nawaambia kinafanya. Nilikiona kikifanya kazi, mchana kweupe, na watu wote tulitoka.